Njia Fupi ya Uuguzi Ina Mlango Wake



Katika laini zetu, kuanzia mashamba ya chai ya Toro na Ankole mpaka mashamba ya miwa ya Busoga, kuna neno moja lililoshika masikio ya wazazi: kwamba huko Marekani kijana anaweza kuwa muuguzi mwenye digrii kwa mwaka mmoja tu. Neno hilo limeletwa na simu za ndugu walio ng'ambo, na zaidi limeletwa na mawakala wanaozunguka siku ya mshahara. Wapo wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili yake. Wengine wamechukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, na makato yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara kila mwisho wa mwezi.

Sisi tunasema hivi: jambo lenyewe ni la kweli, lakini limesemwa nusu. Nusu iliyoachwa ni masharti ya kuingia. Mfanyakazi aliyekwisha kufundishwa na chama chake kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi hana budi kuyasoma masharti haya vile vile. Tena, tukiisha kuyasoma tutaona kwamba yana somo kwa madai yetu hapa nyumbani. Maana katika zahanati za mashamba wako wenzetu waliofunga vidonda vyetu kwa miaka kumi na mitano, na miaka hiyo haihesabiwi na mtu yeyote.

NJIA HII NI NINI

Mafunzo haya ya haraka yalianza Marekani mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Saint Louis, na leo yanatolewa na vyuo vingi vya nchi hiyo. Kwa kawaida digrii ya uuguzi kule huchukua miaka 4. Njia ya haraka huchukua kati ya miezi 11 na 18.

Mtu akisikia hivyo hudhani kuwa mafunzo yamepunguzwa. Hayakupunguzwa. Mwanafunzi wa njia fupi hutakiwa kufanya saa zile zile za kazi wodini kama mwenzake wa miaka 4, na mwisho wake hungojwa na mtihani ule ule wa leseni, uitwao NCLEX. Kilichoondolewa ni yale masomo ya jumla ya chuo kikuu, kwa sababu mwanafunzi huyu amekwisha kuyasoma mahali pengine.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa jambo zima. Njia hii haikutengenezwa kwa kijana aliyetoka shule ya sekondari. Imetengenezwa kwa mtu ambaye tayari ana digrii ya fani nyingine: mwalimu, bwana shamba, mhasibu, mtu aliyesoma historia au uchumi, ambaye sasa anataka kugeuza kazi. Mwaka mmoja unaotangazwa na wakala una miaka mitatu au minne nyuma yake, nayo wakala haitaji.

MASHARTI YENYEWE

Kila chuo kina masharti yake, lakini yanafanana sana. Tunayaeleza moja moja ili yasomwe kwa sauti katika mikutano ya matawi.

Kwanza, digrii. Mwombaji awe na digrii ya kwanza iliyokamilika, kutoka chuo kinachotambuliwa. Kama digrii ni ya Uganda, Kenya, Tanzania au Kongo, vyeti vyake hupelekwa kwanza kwenye ofisi maalum za Marekani zinazopima vyeti vya nje na kueleza thamani yake kwa hesabu ya kule. Kazi hiyo hulipiwa.

Pili, alama. Vyuo vingi hutaka wastani wa 3.0. Hapa wengi hujidanganya. Kipimo cha Marekani huishia 4.0, lakini kipimo cha Makerere huishia 5.0. Kijana mwenye 3.0 ya Makerere yuko katika daraja la pili la chini. Asidhani kwamba namba hiyo ni ile ile inayotakiwa kule. Asubiri hesabu ya wapimaji wa vyeti kabla ya baba yake kugusa zizi.

Tatu, masomo ya sayansi. Hata mwenye digrii hawezi kuingia mpaka awe amefaulu masomo fulani ya chuo kikuu: anatomia na fiziolojia, mara nyingi mihula miwili pamoja na kazi ya maabara, mikrobiolojia, kemia, takwimu, lishe, na saikolojia ya makuzi ya binadamu. Aliyesoma historia hana masomo haya, na itambidi ayasome kwanza na kuyalipia. Tena vyuo vingi hukataa masomo ya sayansi yaliyozeeka. Kuna vinavyoweka mpaka wa miaka 5, na vingine miaka 7.

Nne, mitihani ya kuingia. Baadhi ya vyuo hutaka mtihani uitwao TEAS, vingine ule wa HESI. Mgeni huweza pia kutakiwa mtihani wa Kiingereza, kama TOEFL au IELTS, ingawa baadhi ya vyuo humsamehe aliyesoma digrii yake kwa Kiingereza. Juu ya hayo kuna barua za watu wanaomjua mwombaji katika masomo au kazi, na insha ya kueleza kwa nini anataka uuguzi.

Tano, afya na mwenendo. Kabla ya kuingia wodini mwanafunzi huonyesha kadi za chanjo, kama homa ya ini aina ya B, surua na tetekuwanga. Hupimwa kifua kikuu, na mara nyingi hupimwa kama anatumia madawa ya kulevya. Huchunguzwa kama ana kosa la jinai. Hutakiwa pia kuwa na cheti cha huduma ya kwanza ya kumzindua mtu ambaye moyo umesimama.

Sita, fedha. Mafunzo haya hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Mwanafunzi mgeni haruhusiwi mikopo ya wanafunzi ya serikali ya kule, na kabla ya kupewa viza lazima aonyeshe fedha za karo na za kula. Wala asitegemee vibarua: mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na masomo yenyewe ni ya mfululizo kiasi kwamba vyuo vingi huwashauri hata wenyeji wasifanye kazi kabisa. Kuna pia vyuo ambavyo havipokei wageni katika njia hii ya haraka. Hilo ndilo swali la kuulizwa kwanza, kabla ya maswali mengine yote.

KUPAMBANUA MAJINA

Ndugu akipiga simu kutoka Minnesota au Texas akasema, "Nafanya kazi ya uuguzi," tumuulize ni kazi ipi. Wengi wa ndugu zetu wanaohudumia wazee huko ni wasaidizi wa wauguzi. Ni kazi ya heshima, nayo ni nzito kwa mgongo. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka wasaidizi katika nyumba za wauguzi wapate mafunzo yasiyopungua saa 75 tu. Muuguzi aliyesajiliwa ni mtu mwingine, mwenye leseni nyingine na mshahara mwingine. Mawakala huchanganya majina haya makusudi: huonyesha mshahara wa muuguzi, kisha huuza safari ya msaidizi.

Vile vile, aliyekwisha kuwa muuguzi mwenye diploma au digrii hapa kwetu hahitaji njia hii ya haraka. Yeye hupimwa vyeti vyake vya uuguzi, kisha hukaa mtihani wa leseni. Kumuuzia mtu kama huyo mafunzo ya mwaka mmoja ni kumuuzia shati alilolivaa.

Tena tusidhani kwamba udanganyifu ni wa huku tu. Mwezi wa Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika kesi ya vyeti vya uongo vya uuguzi. Vyeti zaidi ya 7,600 vilikuwa vimetolewa kwa jina la vyuo vitatu vya jimbo la Florida, kwa watu ambao hawakusoma masomo yale wala kuhudumu wodini. Takriban watu 2,400 kati yao walifaulu mtihani wa leseni kwa vyeti hivyo. Baadaye mamlaka za majimbo zikaanza kuwafuatilia na kuwanyang'anya leseni. Aliyenunua njia ya mkato alipoteza fedha, akapoteza kazi, akapoteza na jina.

Kwetu yupo mwenzetu mmoja, mkata miwa, ambaye binti yake alimaliza kidato cha 6. Wakala alichukua fedha za "kuandikishwa" katika mafunzo ya haraka. Hakumwambia kwamba binti hana digrii na kwa hiyo hana hata haki ya kujaza fomu. Fedha hazikurudi, ofisi ya wakala imekuwa duka la simu, na makato ya mkopo bado yanaendelea. Karatasi moja ya masharti, ikisomwa na mtu mmoja anayejua kusoma, ingeliokoa nyumba ile.

JE, MASHARTI HAYA NI YA HAKI?

Hapa ndipo maoni hutofautiana hata ndani ya matawi yetu. Wako wanaosema kuwa masharti yote ni ukuta uliojengwa na wenye vyeti ili watoto wa wafanyakazi wabaki nje, na kwamba chama kidai yaondolewe. Sisi hatukubaliani nao.

Tufikiri kama wafanyakazi. Katika kiwanda cha sukari hatukubali bwela liendeshwe na mtu asiyejua kusoma kipimo cha mvuke, kwa sababu likipasuka linatuua sisi. Muuguzi naye anapima dawa kwa miligramu. Akikosea nukta moja katika hesabu, mtoto mwenye malaria hupata dawa mara kumi ya ile aliyoandikiwa. Mtoto huyo ni wetu. Mwenye mali humpeleka wake hospitali kubwa ya mjini. Kwa hiyo masharti ya elimu ya sayansi ni ngao ya maskini kabla ya kuwa ngao ya mtu mwingine. Anayetaka kuyalegeza atuambie kwanza ni mgonjwa gani atakayefanyiwa majaribio.

Lakini wako pia wanaosema kwamba mambo yako sawa yalivyo, na msaidizi wa zahanati abaki msaidizi mpaka astaafu. Na hao hatukubaliani nao. Sharti la haki ni lile linalouliza, "Unajua nini?" Sharti lisilo la haki ni lile linaloishia kuuliza, "Una karatasi gani, na ulikuwa na umri gani ulipoipata?"

Tazameni jinsi Wamarekani wenyewe walivyotengeneza njia hii. Walisema: huyu mtu amekwisha kusoma, tusimrudishe mwanzo, tuhesabu alichonacho, tumwongeze kile anachokosa. Hilo ni wazo zuri. Kasoro yake ni kwamba linahesabu masomo ya darasani kuliko kazi ya mikono. Hata kule kasoro hiyo imeonekana. Mwaka 2013 serikali yao ilianza kutoa fedha kwa vyuo ili askari waliotoka jeshini wasomee digrii ya uuguzi, na ujuzi wao wa kuhudumia majeruhi upimwe na kuhesabiwa katika masomo. Kama bendeji iliyofungwa vitani inahesabiwa, kwa nini bendeji iliyofungwa shambani isihesabiwe?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2005, Amref pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wenye cheti wawe na diploma. Wauguzi wa cheti walikuwa zaidi ya 20,000, na madarasa yaliyokuwapo yasingeweza kuwachukua wote katika miaka ya karibu. Basi masomo yakawekwa katika kompyuta kwenye hospitali zao, wakasoma bila kuacha kazi, kisha wakakaa mtihani ule ule wa serikali. Hakuna aliyepewa cheti cha bure. Kilichobadilika ni kwamba shule ilimfuata mfanyakazi, na miaka yake ya kazi haikutupwa.

MSAIDIZI WA ZAHANATI YA SHAMBA

Sasa tuangalie nyumbani. Katika zahanati ya shamba utamkuta msaidizi, yule wazee wetu waliyemwita dresa. Asubuhi anapokea waliojikata kwa panga. Mchana anachemsha vyombo. Usiku anaamshwa na mama mwenye uchungu, maana muuguzi wa zamu ni mmoja na anaishi mjini. Kwenye daftari la mshahara ameandikwa pamoja na wafagiaji.

Akitaka kuwa muuguzi, anaulizwa matokeo ya kidato cha 4. Kwa kawaida mafunzo ya cheti hapa Uganda hutaka awe amefaulu biolojia, kemia, fizikia, hesabu na Kiingereza. Wengi wao walisoma katika shule za karibu na mashamba, ambako kemia ilifundishwa ubaoni bila chupa wala moto. Walifeli somo ambalo hawakuwahi kuliona kwa macho. Mlango ulifungwa wakiwa na umri wa miaka 16, na ufunguo ukatupwa.

Wala isemwe kwamba nchi yetu haiijui njia ya kuwapokea watu wazima. Chuo Kikuu cha Makerere kina mtihani wa kuingilia kwa watu waliofikia miaka 25, na ni wa miaka mingi. Maana yake tumekwisha kukubali kwamba mtu mzima anaweza kupimwa upya kwa kile anachokijua leo. Tunachotaka ni wazo hilo lishuke ngazi, lifike katika mafunzo ya cheti na diploma ya uuguzi, huku somo la sayansi likibaki palepale.

TUNADAI NINI

Kwa waajiri: katika mkataba wa pamoja unaokuja, kiwekwe kifungu cha likizo ya masomo kwa wasaidizi wa zahanati, na karo ya wale watakaokubaliwa na vyuo. Kama mwajiri ataka mtu huyo arudi kumtumikia, tunakubali, lakini muda uandikwe na usizidi muda wa mafunzo. Tusikubali kumfunga mtu miaka kumi kwa ajili ya karo ya miaka miwili.

Kwa wenye mamlaka ya elimu na afya: msaidizi aliyefanya kazi miaka mingi aruhusiwe kurudia masomo ya sayansi jioni au kwa redio na simu, kisha apimwe darasani na wodini. Akishindwa, ameshindwa kwa haki. Akifaulu, miaka yake ya kazi ihesabiwe katika muda wa mafunzo.

Kwa matawi yetu: kila tawi liwe na mtu mmoja au wawili wa kusoma barua na fomu za masomo ya ng'ambo bila malipo. Maswali yao yawe haya. Chuo kinatambuliwa na mamlaka ya uuguzi ya jimbo lake? Kinapokea wageni katika mafunzo haya? Mwombaji ana digrii? Masomo ya sayansi anayo, na ni ya mwaka gani? Fedha analipwa nani, chuo au wakala? Jibu la chuo lipatikane kutoka chuoni kwenyewe. Wakala anayekataa maswali haya aonyeshwe barabara.

Na kwa wazazi: masharti ya uuguzi hayaanzi ubalozini. Yanaanza kidato cha kwanza, siku binti anapoambiwa kemia ni ya wavulana na yeye akachote maji. Yanaanza katika mkutano wa shule, ambapo wazazi wachache huja kuuliza maabara iko wapi. Ng'ombe mmoja aliyeuzwa kwa ajili ya maabara ya shule ya shamba, kwa mchango wa laini nzima, atafungua milango mingi kuliko ng'ombe kumi waliouzwa kwa wakala.

Hatumzuii mtu kwenda ng'ambo. Mfanyakazi ana haki ya kupeleka nguvu zake zinakolipwa vizuri, na kijana mwenye digrii aliyetimiza masharti na aende na baraka zetu. Tunachokataa ni mambo mawili: kuuziwa mlango uliochorwa ukutani, na kufungiwa mlango wa kweli ulio hapa kwetu. La kwanza litakoma tukisoma. La pili halitakoma mpaka tudai kwa pamoja, na mazungumzo ya mkataba ndiyo mahali pa kuanzia. Matawi yajadili kifungu cha likizo ya masomo katika mkutano wa mwezi huu, na majibu yaletwe kwa maandishi.